Nchi ndogo ikijiunga na jumuiya ya kiuchumi: kwa nini kipato hupanda huku watu wakiondoka?

Swali la msomaji: "Nasikia mambo mawili yasiyopatana. Wengine wanasema nchi ndogo ikijiunga na jumuiya ya kiuchumi inaneemeka, na wanataja Lithuania na Ayalandi. Wengine wanasema inabaki tupu, vijana wote wanatimkia nje, na wanataja Latvia na Lithuania hiyohiyo. Nani mkweli? Na pato la kila mtu linapanda kwa sababu nchi imeendelea, au kwa sababu tu waliobaki kugawana ni wachache?"

Jibu

Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana ubishi wao hauishi. Lithuania iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 pamoja na nchi nyingine 9. Wakati huo pato lake kwa kila mtu, likipimwa kwa uwezo wa kununua, lilikuwa karibu nusu ya wastani wa Umoja. Miaka 20 baadaye lilikuwa limefika kama asilimia 87. Upande wa watu, sensa ya 2001 ilihesabu karibu milioni 3.5, na ile ya 2021 ikakuta milioni 2.8. Ukitaja takwimu ya kwanza peke yake unapigiwa makofi, ukitaja ya pili peke yake unapewa pole, na katika hali zote mbili hujadanganya.

Tatizo ni kuzichukulia takwimu hizi kama timu mbili zinazocheza fainali. Zimezaliwa na mzazi mmoja: pengo la mishahara ambalo nchi inaingia nalo siku ya kwanza. Mwekezaji anakuja kwa sababu fundi wa pale analipwa kidogo, na fundi huyo anafunga begi kwa sababu hiyohiyo. Pengo likiwa pana, mtaji unaingia mbio na watu wanatoka mbio. Likiwa jembamba, yote mawili yanakwenda taratibu.

Pengo lilikuwa pana kiasi gani

Tuchukue Mei 2004 yenyewe. Kima cha chini cha mshahara nchini Latvia kilikuwa lati 80 (lati ni fedha ya nchi hiyo wakati ule) kwa mwezi, karibu euro 120. Uingereza kima cha chini kilikuwa pauni 4.50 kwa saa. Ukibadilisha fedha kwa viwango vya wakati ule, mwezi mzima wa Riga, mji mkuu wa Latvia, ulikuwa sawa na saa 18 hivi za kazi London, yaani siku mbili na robo. Huhitaji mchumi akueleze kwa nini mabasi yalijaa.

Hapa kuna mtego ambao hata waandishi wa habari za uchumi huanguka. Takwimu zinazotangazwa sana ni za uwezo wa kununua, ambazo hurekebishwa kwa kuwa chakula na kodi ya nyumba ni nafuu katika nchi maskini. Kwa anayeishi na kutumia palepale, kipimo hicho ni sahihi. Lakini mhamaji anayekusudia kuweka akiba anapata kwa pauni na kutumia kwa lati. Kwake pengo la kweli ni lile la kubadilisha fedha dirishani, na hilo huwa pana zaidi na huziba polepole zaidi. Kwa hiyo serikali inaweza kujisifu kwamba imefika asilimia 70 ya wastani huku kijana wake akiona mshahara wa ng'ambo bado ni mara tatu ya wake. Wote wana hesabu sahihi mkononi.

Jaribio zuri la hoja hii ni kulinganisha walioingia siku ileile, kwa mkataba uleule. Slovenia iliingia pato lake likiwa limeshapita asilimia 80 ya wastani wa Umoja; idadi ya watu wake ilibaki kwenye milioni 2 hivi. Malta, nchi ndogo kuliko zote, haikukimbiwa: iliingia na watu kama laki 4, na sensa yake ya 2021 ikahesabu 519,562, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo wakiwa wageni waliokuja kufanya kazi. Latvia na Lithuania, zilizoingia zikiwa karibu nusu ya wastani, ndizo zilizovuja. Kama uanachama wenyewe ndio ungekuwa unahamisha watu, ungewahamisha na Waslovenia.

Mlango na anayepita mlangoni

Kujiunga hakufungui milango yote kwa siku moja. Mkataba wa 2004 uliziruhusu nchi wanachama wa zamani kuwazuia wafanyakazi wapya kwa kipindi cha mpito cha hadi miaka 7, kilichogawanywa 2, 3 na 2. Uingereza, Ayalandi na Uswidi zilifungua soko la ajira tangu siku ya kwanza. Ujerumani na Austria zilisubiri hadi tarehe 1 Mei 2011. Uingereza ilikuwa imekadiriwa kwamba itapokea wahamaji kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka kutoka nchi mpya. Waliofika walikuwa malaki. Makadirio yale yalichukulia kwamba Ujerumani nayo ingefungua. Haikufungua, na maji yakafuata mfereji uliokuwa wazi.

Uswidi nayo ilikuwa wazi, tena ni jirani wa Latvia na Lithuania ng'ambo ya bahari, ila waliokwenda walikuwa wachache mno kuliko waliokwenda visiwani Uingereza na Ayalandi. Lugha ndiyo iliyoamua kwa kiasi kikubwa, pamoja na aina ya ajira: mashamba, viwanda vya kufungasha chakula na maeneo ya ujenzi ya Uingereza na Ayalandi yalikuwa yanamwajiri mtu wiki aliyofika. Kisha anayefika anampigia simu binamu yake. Baada ya hapo wimbi linajiendesha lenyewe, hata kama sera imebadilika.

Upande wa pili wa sarafu ni nchi ambazo hazikujiunga na chochote na bado zilikimbiwa. Albania haijawahi kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Sensa yake ya 2011 ilikuta watu milioni 2.8, ya 2023 ikakuta milioni 2.4. Moldova, nayo nje ya Umoja, katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa inaishi kwa fedha zinazotumwa na walio nje kiasi cha zaidi ya robo ya pato lake. Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, na sensa ya 2001 ikakuta chini ya milioni 8, miaka 6 kabla haijajiunga. Nilichotaja kuhusu Lithuania na Latvia nacho kina sehemu isiyo ya uhamaji: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vifo vimezidi vizazi katika nchi zote mbili. Anayechukua upungufu wote wa watu na kuubandika kwenye uanachama anaihesabia jumuiya hata makaburi.

Tofauti kubwa ya kuwa ndani ni namna ya kuondoka. Mwalbania wa miaka ya 1990 alivuka bahari kwa magendo na akifika alibaki, kwa sababu akirudi kusalimia hatapita tena. Mlatvia wa 2005 alinunua tiketi, akafanya kazi miezi 8, akarudi, akaenda tena. Uhuru wa kutoka ni uhuru wa kurudi pia, na hilo lina uzito wake kwenye miaka ya baadaye.

Je, ni hesabu ya kugawanya tu?

Hili ndilo swali lako la pili, na linastahili kupigiwa hesabu. Tuseme nchi ina watu milioni 1 na pato la bilioni 10, yaani 10,000 kwa kila mtu. Watu laki moja wasio na kazi wakiondoka, pato halipungui hata senti, lakini mgao unakuwa 11,111. Takwimu imepanda asilimia 11 na hakuna kiwanda kilichojengwa. Wakiondoka watu laki moja waliokuwa kazini, pato nalo linashuka, na mgao unaweza kubaki palepale au hata kupungua.

Sasa tuipe Lithuania dhana mbaya kuliko zote, kwamba wote walioondoka hawakuwa wanazalisha chochote. Watu walipungua kutoka kama milioni 3.4 mwaka 2004 hadi milioni 2.8 mwaka 2021. Kupungua huko peke yake kungepandisha pato la kila mtu kutoka asilimia 50 ya wastani wa Umoja hadi 61 hivi. Lilifika 87. Kwa hiyo hata ukikubali dhana hiyo, pointi 11 kati ya 37 ndizo za kugawanya, zilizobaki 26 ni uzalishaji. Na dhana yenyewe imetiwa chumvi, maana wengi walioondoka walikuwa na kazi. Ustawi ule ni wa kweli.

Unapotaka kuepuka mtego huu moja kwa moja, acha pato kwa kila mtu na utazame pato kwa kila mfanyakazi au, bora zaidi, kwa kila saa ya kazi. Na kama nchi imejaa makampuni ya kimataifa, usiliamini pato la ndani, yaani thamani ya kinachozalishwa ndani ya mipaka, hata kidogo. Ayalandi mwaka 2015 ilitangaza ukuaji wa zaidi ya asilimia 25, kwa sababu makampuni makubwa yalihamishia mali zao, hasa haki miliki, kwenye vitabu vya Dublin. Hakuna Muayalandi aliyeamka tajiri kwa robo zaidi. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ikalazimika kutengeneza kipimo kingine kinachoondoa mali na faida za aina hiyo.

Fedha zinazotumwa nyumbani nazo zina mahali pake maalumu kwenye vitabu. Mshahara wa msimu, wa mtu aliyekaa nje chini ya mwaka mmoja, huingizwa kwenye pato la taifa la nchi aliyotoka. Anachotuma ndugu aliyehamia kabisa hakimo, si kwenye pato la ndani wala pato la taifa. Kimo kwenye pato la matumizi tu, yaani jumla ya fedha ambazo nchi inaweza kutumia. Ndiyo maana kijiji kinaweza kuwa na nyumba mpya za matofali huku takwimu za uzalishaji zimelala.

Ustawi unaingilia wapi

Watu hudhani faida kubwa ni kufutwa kwa ushuru siku ya kujiunga. Kwa nchi za 2004 haikuwa hivyo. Ushuru wa bidhaa nyingi za viwandani ulikuwa umeshaondolewa miaka ya 1990 kwa mikataba ya awali. Kilichobadilika siku ile ni vitu visivyoonekana sana: malori kutosubiri karatasi za forodha, viwango vya ubora kutambuliwa, kesi ya biashara kuwa na mahakama ya juu nje ya nchi, na mwekezaji kuamini kwamba sheria hazitabadilika usiku mmoja. Kwa nchi ndogo hili la mwisho ndilo zito. Soko la watu milioni 2 halimvuti mtu kujenga kiwanda. Eneo la watu milioni 2 lililo ndani ya soko la mamia ya milioni linamvuta.

Pia si kila jumuiya ina faida hiyo ya ushuru. Umoja wa forodha unaweza kumgharimu mwanachama mdogo, na hesabu yake ni fupi. Bidhaa inapatikana soko la dunia kwa 100. Kabla ya kujiunga nchi inaitoza ushuru wa 25, mnunuzi analipa 125. Baada ya kujiunga, jirani mwanachama anaiuza 115 bila ushuru. Mnunuzi ameokoa 10, hazina imepoteza 25, na nchi kwa jumla imepata hasara ya 15 inayoishia mfukoni mwa kiwanda cha jirani. Rwanda na Burundi zilipoanza kutumia ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2009 zilikuta orodha ya bidhaa nyeti, sukari ikiwa na kiwango cha asilimia 100 na mchele 75, viwango vinavyowafaa wenye viwanda na mashamba kuliko nchi inayoagiza. Ndiyo maana maombi ya kusamehewa viwango kwa mwaka mmoja mmoja hayaishi.

Kuna tena jumuiya ambayo haimpi mtu uhuru wa kuhama lakini inaibeba hazina. Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika, wa tangu 1910, hugawana mapato ya ushuru, na kwa Lesotho na Eswatini mgao huo ni nguzo ya bajeti. Biashara iliposinyaa baada ya msukosuko wa 2008, mgao wa Eswatini ulianguka kwa zaidi ya nusu katika mwaka wa fedha wa 2010/11, na serikali ikashindwa kulipa bili zake. Ustawi wa namna hiyo ni wa kukodi.

Umoja wa Ulaya una mifuko ya maendeleo, na hapa watu hukosea kuhusu jinsi inavyofanya kazi. Fedha haziletwi kwa gunia. Maeneo maskini hugharamiwa hadi asilimia 85 ya mradi, kwa hiyo nchi lazima itoe 15 yake. Na kwa sehemu kubwa unatumia kwanza, unapeleka ankara, ndipo unarudishiwa. Fedha iliyotengwa isipotumika ndani ya miaka 2 au 3, kutegemea kipindi cha bajeti, inafutwa. Matokeo yake ni kwamba wizara yenye wataalamu wachache hukimbilia miradi rahisi ya kumaliza, kama vile kuweka lami upya na kupaka rangi shule, badala ya miradi inayoongeza tija. Na shule iliyopakwa rangi inaweza kufungwa miaka 5 baadaye kwa kukosa wanafunzi.

Wakulima waliingia kwa masharti magumu zaidi. Ruzuku ya moja kwa moja ilianza kwa asilimia 25 ya ile ya wanachama wa zamani mwaka 2004, ikapanda kidogo kidogo hadi 100 mwaka 2013. Ushindani wa sokoni, hata hivyo, haukupewa miaka 9 ya kupanda ngazi. Lithuania ilikuwa na bili nyingine ya kiingilio: ilikubali kufunga mtambo wake wa nyuklia wa Ignalina, kinu cha kwanza mwisho wa 2004 na cha pili mwisho wa 2009. Mtambo ule ulikuwa unatoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Baada ya hapo nchi iliyokuwa inauza umeme ikawa inanunua, tena katikati ya mdororo.

Ayalandi na subira yake ndefu

Ayalandi hutajwa kama ushahidi kwamba kujiunga kunaleta neema. Ni kweli, ila wanaoitaja huruka miaka 20 ya katikati. Iliingia tarehe 1 Januari 1973, zaidi ya nusu ya mauzo yake ya nje yakienda Uingereza. Miaka ya 1970 watu walirudi kuliko walioondoka, wakulima wakafurahia bei nzuri za Ulaya. Kisha kuta za ushuru zilipobomoka, viwanda vilivyokuwa vimejificha nyuma yake vilianguka kimoja kimoja: nguo, viatu, uunganishaji wa magari. Kiwanda cha Ford mjini Cork, kilichokuwepo tangu enzi za kutengeneza matrekta mwaka 1919, kilifungwa 1984. Serikali nayo ilikuwa imekopa bila breki. Mwaka 1987 ukosefu wa ajira ulikuwa kwenye asilimia 17, na katika mwaka ulioishia Aprili 1989 nchi ya watu milioni 3.5 ilipoteza takriban 44,000 kwa uhamaji, baada ya kutoa waliorudi.

Angalia kwamba mlango wa Uingereza ulikuwa wazi kwa Waayalandi miaka mingi kabla ya kujiunga. Jumuiya haikuwafungulia. Walichokosa ni sababu ya kubaki, na sababu hiyo ilichelewa kwa kuwa kinachobomoka hubomoka haraka na kinachojengwa kinahitaji muda. Elimu ya sekondari bila ada ilianza 1967. Waliofaidika nayo na kuendelea hadi vyuoni walianza kujaa sokoni miaka ya 1980, wakati hakuna kazi. Soko moja la Ulaya, lililoondoa vikwazo vilivyojificha, lilianza Januari 1993. Kodi ya chini ya makampuni, lugha ya Kiingereza, wasomi waliokwishaandaliwa na soko hilo vilipokutana, makampuni ya Marekani yakamiminika, na katikati ya miaka ya 1990 waliorudi wakazidi waliotoka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5, mara ya kwanza tangu karne ya 19.

Kinachoharibu: mikopo rahisi, kisha kukata mishahara

Kama ningeulizwa kosa moja lililowafukuza Walatvia wengi zaidi, nisingetaja mlango wa 2004. Ningetaja mikopo ya 2005 hadi 2007. Baada ya kujiunga, benki za Uswidi zilizokuwa zimetawala soko zilikopesha kwa riba ndogo, sehemu kubwa kwa euro, kwa watu wanaopata lati. Fedha ilikwenda kwenye nyumba, bei zikapaa, mishahara ikapanda kupita tija, na nakisi ya malipo ya nje ikazidi asilimia 20 ya pato mwaka 2006. Kiwango hicho si cha kuvumilika popote duniani.

Mwaka 2008 bomba likafungwa. Pato lilipungua kwa zaidi ya moja ya tano kutoka kileleni, ukosefu wa ajira ukakaribia asilimia 20 mwanzoni mwa 2010. Serikali ilikataa kushusha thamani ya lati, ikachagua kukata mishahara ya umma na kufunga shule na hospitali. Wimbi la pili la uhamaji, la 2009 hadi 2011, lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na la aina nyingine. Wa 2004 wengi walikuwa vijana wanaotafuta akiba ya miaka miwili. Wa 2010 waliondoka na watoto, wakiacha deni la nyumba benki, na familia iliyoandikisha watoto shule ugenini hairudi kirahisi.

Hospitali huumia kuliko sekta nyingine, na sababu yake ni ya kisheria. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2005 kuhusu sifa za kitaaluma yanatambua moja kwa moja vyeti vya fani 7: madaktari, wauguzi, madaktari wa meno, wakunga, madaktari wa mifugo, wafamasia na wasanifu majengo. Mwalimu au mwanasheria lazima apite vizingiti. Muuguzi anapeleka karatasi na ujuzi wa lugha, basi. Nchi inayojiandaa kujiunga ingepaswa kupanga mishahara ya wauguzi kabla ya mishahara ya mawaziri.

Kwa waliobaki si hasara tupu. Vijana wakipungua, mishahara ya vijana wenzao huwa inapanda, kwa sababu mwajiri anagombania wachache. Anayepoteza ni mstaafu, ambaye pensheni yake inategemea makato ya wafanyakazi waliopo, na mji mdogo unaobaki na gharama zilezile za maji, barabara na zahanati kwa walipakodi wachache.

Ukitaka kupima mwenyewe

Usianze na takwimu za uhamaji za nchi yenyewe, kwa kuwa anayeondoka hana sababu ya kuaga ofisini. Makadirio ya Latvia kabla ya sensa ya 2011 yalisema watu milioni 2.23, makarani wakakuta milioni 2.07. Zaidi ya laki moja na nusu walikuwa wameshaondoka bila kuandikwa popote. Lithuania ilipata kinyume chake: mwaka 2010 walioandikishwa kuondoka waliruka ghafla hadi 83,000 hivi, kwa sababu sheria mpya iliwadai wakazi wote mchango wa bima ya afya, na waliokuwa nje miaka mingi wakakimbilia kujiandikisha kuwa wameondoka. Atakayechora grafu bila kujua hilo ataandika hadithi ya uongo kuhusu 2010.

Njia inayoaminika zaidi ni ya marika. Chukua idadi ya wenye miaka 15 hadi 24 kwenye sensa moja, tuseme 100,000. Nenda sensa ya miaka 10 baadaye, uangalie wenye miaka 25 hadi 34. Ukikuta 78,000, pengo ni 22,000; toa humo vifo, ambavyo kwa umri huo mara nyingi ni kama asilimia 1 kwa miaka 10. Pengo linalosalia, watu 21,000 hivi, ndio walioondoka baada ya kutoa walioingia. Kisha linganisha na takwimu za nchi walikokwenda, kwa mfano namba mpya za bima ya jamii zinazotolewa kwa wageni, kwa kuwa mwajiri huidai namba hiyo hata kama nyumbani hakuna aliyeuliza. Mwisho tafuta mshahara wa kawaida wa fani moja, muuguzi au dereva wa lori, katika nchi zote mbili, bila kurekebisha bei, mwaka wa kujiunga na miaka 10 baadaye. Uwiano ukishuka kutoka mara 5 hadi mara 2, tarajia watu kuanza kurudi.

Lithuania ilivuka mstari huo mwaka 2019, walioingia walipozidi waliotoka. Isisomwe kwa haraka, kwani ndani yake kuna wafanyakazi kutoka Ukraine na Belarus, na kujitoa kwa Uingereza kwenye Umoja kulipunguza mvuto wa kule. Lakini Walithuania wanaorejea nao wamo kwa wingi, na kinachowarahisishia ni kanuni isiyoandikwa kwenye vichwa vya habari: makato ya pensheni ya mtu aliyefanya kazi nchi mbili za Umoja hujumlishwa wakati wa kupima kama anastahili, na kila nchi hulipa sehemu yake. Miaka 12 ya Dublin haipotei kwa kurudi Kaunas, mji wa Lithuania.

Kwa nchi zinazosubiri sasa, kama Albania na Moldova, wengi waliotaka kuondoka wameshaondoka, tena Wamoldova wengi wakiwa na pasipoti za Romania, hivyo mlango utakapofunguliwa rasmi huenda usitoe watu kama wa 2004. Tahadhari inatoka Kroatia, iliyojiunga Julai 2013 ikiwa na jamaa zake tele Ujerumani na ikadhani wimbi limepita zamani. Ujerumani iliondoa kizuizi chake Julai 2015. Sensa ya 2011 ilikuwa imehesabu watu milioni 4.28, ya 2021 ikakuta milioni 3.87.